Kutyuni sailensi ya kabureta: skrubu ya mchanganyiko na mambo yanayoidanganya

Kabureta nyingi za magari zina skrubu mbili ambazo kila mwenye bisibisi hujiona ana haki ya kuzigusa. Moja inasukuma mkono wa throto, na ndiyo inayoamua kipepeo (bamba linalofunga na kufungua njia ya hewa) kibaki wazi kiasi gani wakati mguu hauko kwenye eksileta. Hiyo ni skrubu ya sailensi, yaani mngurumo wa injini bila kukanyaga mafuta. Nyingine imezama chini kabisa, karibu na pale kabureta inapokalia manifoldi (bomba la kupeleka hewa na mafuta kwenye silinda), ina springi shingoni na ncha iliyochongoka. Hiyo ndiyo skrubu ya mchanganyiko wa hewa na petroli. Shida nyingi huanza pale mtu anapotumia moja kutibu ugonjwa wa nyingine: gari linazima likisimama, anapandisha sailensi, linatetemeka, anafungua mchanganyiko, linakula mafuta, anaufunga. Mwishowe hakuna iliyo mahali pake, na kabureta nzima inahukumiwa kuwa mbovu.

Kabla ya kugusa chochote, ni vizuri kuelewa skrubu hii ndogo inatawala nini na haitawali nini.

Mafuta yanapitia wapi injini ikiwa kwenye sailensi

Injini ikinguruma bila kukanyagiwa mafuta, kipepeo karibu kimefungwa. Hewa inayopita kwenye koo la kabureta ni kidogo na inakwenda polepole, kwa hiyo haina nguvu ya kuvuta mafuta kutoka jeti kuu (jeti ni tundu lililopimwa la kupitishia mafuta). Jeti kuu hapo imelala. Chini ya kipepeo, upande wa manifoldi, hali ni tofauti kabisa: pistoni zinavuta na hewa haipatikani, hivyo panakuwa na vakyumu kubwa. Kwenye injini yenye afya, karibu na usawa wa bahari, geji husoma inchi 17 hadi 21 za zebaki.

Vakyumu hiyo ndiyo inayotumika. Mafuta yanapandishwa kutoka chumba cha floti, yaani kikombe cha akiba ya petroli ndani ya kabureta, yanapita kwenye jeti ya sailensi, yanakutana na hewa inayoingia kwa kitundu chake maalumu, kisha yakiwa povu yanashuka hadi kwenye tundu dogo lililo chini ya kipepeo. Ncha ya skrubu ya mchanganyiko imekaa ndani ya tundu hilo. Ukiifungua kushoto, povu linapita zaidi na mchanganyiko unakuwa mzito, yaani mafuta yanazidi. Ukiifunga kulia, unakuwa mwepesi, yaani mafuta yanapungua.

Petroli inaungua yote na hewa yote ikatumika pale uwiano unapokuwa kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Kwenye sailensi injini hutaka petroli kidogo zaidi ya hapo, kati ya 13 na 14 kwa 1, kwa sababu silinda inabaki na moshi mwingi wa mzunguko uliopita na moshi huo unapunguza makali ya moto. Anayelazimisha 14.7 kamili kwenye kabureta ya kawaida atapata injini inayomisi kila baada ya sekunde chache.

Kuna kabureta ambazo skrubu yake inapima hewa badala ya povu la mafuta. Hizo hufanya kazi kinyume: kufunga kunafanya mchanganyiko uwe mzito. Namna ya kuzitambua ni mahali ilipo skrubu. Ikiwa upande wa manifoldi, baada ya kipepeo, inapima mafuta. Ikiwa upande wa kuingilia hewa, kabla ya throto, inapima hewa. Aina hii utaikuta sana kwenye pikipiki na mara chache kwenye gari.

Halafu kuna aina ya Solex yenye njia ya pembeni, kama 34 PICT-3 iliyokuwa kwenye Volkswagen Beetle. Hiyo ina skrubu mbili ubavuni, kubwa na ndogo. Kubwa ndiyo ya kasi ya sailensi, kwa kuwa inaruhusu hewa kupita pembeni ya kipepeo; ndogo ni ya mchanganyiko. Skrubu iliyo kwenye mkono wa throto haihusiki na sailensi hata kidogo, na anayeitumia kupandisha kasi anaharibu mpangilio mzima.

Vitundu vya mpito, ambavyo karibu kila mtu anavisahau

Hapa ndipo penye siri ya kazi yote. Juu kidogo ya tundu la sailensi, sambamba na ukingo wa kipepeo, kuna vitundu viwili au vitatu, au mwanya mwembamba wa wima. Kazi yake ni kutoa mafuta wakati kipepeo kinaanza kufunguka na jeti kuu bado haijaamka. Kipepeo kikiwa mahali pake sahihi pa sailensi, vitundu hivyo karibu vyote viko juu ya ukingo wake, ambako hakuna vakyumu ya kuvuta. Ukikanyaga mafuta taratibu, ukingo unapanda, vitundu vinaingia upande wa vakyumu kimoja baada ya kingine, na gari linaondoka bila kusita.

Sasa fikiria mtu aliyezungusha skrubu ya sailensi mizunguko mitatu ndani ili gari lisizime. Kipepeo kimefunguka, vitundu vya mpito vimeshaanza kumwaga mafuta gari likiwa limesimama tu. Mafuta hayo hayapiti kwenye ncha ya skrubu ya mchanganyiko, kwa hiyo unaweza kuifunga hadi mwisho na injini isijali. Na ukikanyaga eksileta, hakuna akiba ya mpito iliyobaki: injini inashtuka, inakohoa, ndipo inaondoka. Wengi hapo hukimbilia kulaumu pampu ya eksileta na kununua repea kiti nzima.

Kwenye kabureta za Holley zenye mwanya wa mpito, kipimo kinachotumika ni kuona takriban inchi 0.020, yaani nusu milimita, ya mwanya chini ya kipepeo ukiigeuza kabureta mkononi. Kwenye Weber 32/36 mwanzo wake ni kurudisha skrubu ya sailensi hadi iache kabisa kugusa mkono wa throto, kisha kuirudisha mpaka iguse, na kuingiza mzunguko mmoja tu, usizidi mmoja na nusu. Hakikisha kwanza choki haijashika mkono wa throto kupitia kile kikamu cha sailensi ya baridi, maana hapo vipimo vyote ni bure. Waya wa eksileta nao uwe na ulegevu kidogo. Waya ukivuta, unatyuni waya.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza kabisa ni hiki: injini ikiwa ya moto na ikinguruma, funga skrubu ya mchanganyiko polepole hadi iguse mwisho. Injini lazima ilegee na kuzima, au ikaribie kuzima. Isipofanya hivyo, weka bisibisi chini. Kuna mafuta au hewa inayoingia kwa njia nyingine, na hakuna namna yoyote ya kuzungusha skrubu itakayoiondoa.

Mambo ya kumaliza kwanza

Injini iwe imefika joto la kazi, nyuzi 80 hadi 90, na choki iwe imefunguka kabisa. Tazama kwa macho; choki ya kujiendesha yenyewe mara nyingi inaishia robo tatu ya njia na kuufanya mchanganyiko mzito bila mtu kujua. Filta ya hewa iwe safi na iwe imefungwa mahali pake, kwa sababu kutyuni ukiwa umeiondoa na kuirudisha baadaye kunabadilisha matokeo. Taa, feni ya ndani na kiyoyozi vizimwe. Feni ya umeme ya rejeta ikiwaka, subiri izime ndipo usome kasi, la sivyo alteneta inakudanganya.

Mfumo wa moto hutangulia kabureta, daima. Plagi ziwe safi na uwazi wake uwe ule wa kitabu cha gari. Kwa mifumo ya pointi (vile vikontakti vya kukata umeme ndani ya distribyuta) mara nyingi ni kati ya milimita 0.7 na 0.8. Pointi zikichakaa timingi, yaani wakati wa plagi kutoa cheche, inahama, na timingi iliyochelewa inashusha sailensi, jambo linalomfanya mtu afungue kipepeo, na kipepeo kikifunguka tunarudi kule kwenye vitundu vya mpito. Weka timingi kwa mwanga wa taimingi laiti, mpira wa vakyumu wa distribyuta ukiwa umechomolewa na kuzibwa kama kitabu kinavyoagiza, kisha urudishe. Uwazi wa valvu nao uangaliwe: valvu iliyobana sana haifungi vizuri kwenye sailensi, na silinda hiyo itatetemesha injini hata mchanganyiko ukiwa mzuri namna gani.

Njia rahisi ya kujua kama silinda zote zinafanya kazi ni kuchomoa waya wa plagi mmoja mmoja kwa koleo lenye mpira na kusikiliza. Kila silinda ikikatwa, kasi ishuke kwa kiasi kinacholingana. Ile ambayo ukiikata hakuna kinachobadilika ndiyo iliyolala. Kwenye moto wa kielektroniki usiuache waya uning'inie hewani. Uguse bodi ya injini, vinginevyo unaweza kuunguza moduli.

Hewa ya wizi

Hewa inayoingia chini ya kabureta bila kupita kwenye koo lake inaufanya mchanganyiko kuwa mwepesi, na kwenye sailensi athari yake ni kubwa kwa sababu hewa halali yenyewe ni kidogo. Dalili zake zinafahamika: sailensi inapanda na kushuka yenyewe, skrubu ya mchanganyiko inataka kufunguliwa mizunguko mingi kuliko kawaida, na gari lenye tabu likisimama linakuwa zuri likienda kasi.

Mahali pa kutazama ni gasketi ya chini ya kabureta, gasketi ya manifoldi, mipira yote ya vakyumu, busta ya breki, na valvu ya PCV (ile inayorudisha mvuke wa ndani ya injini kwenye manifoldi). Bana mpira wa busta kwa koleo, taratibu usiukate. Sailensi ikibadilika, busta au mpira wake unavuja. Ukibana wa PCV kasi itashuka kidogo, na hiyo ni sawa, kwa kuwa hewa hiyo imehesabiwa kiwandani. Ikishuka sana, valvu imekwama wazi.

Kwa gasketi, wengi hupuliza dawa ya kusafishia kabureta na kusikiliza kasi ikibadilika. Inafanya kazi, lakini dawa hiyo inashika moto na manifoldi ya moshi iko hapo hapo, mara nyingi upande uleule. Maji kwenye chupa ya kupuliza yanatosha kwa uvujaji wa wastani: tone linaziba ufa kwa nusu sekunde na mlio wa injini unabadilika.

Kuna uvujaji mmoja usioponywa na gasketi yoyote: shafti ya throto iliyokula tundu lake. Ishike kwa vidole uitikise juu na chini. Ikicheza, hewa inaingia ubavuni, na kwa kuwa kipepeo kinarudi mahali tofauti kidogo kila mara, sailensi nayo inakuwa tofauti kila unaposimama. Dawa yake ni kutoboa na kuweka bushi mpya. Kuitibu kwa mchanganyiko mzito ni kununua petroli ya kuficha tundu.

Kazi yenyewe

Zana si nyingi: bisibisi bapa inayotosha vizuri kwenye mfuo wa skrubu, takometa, na ikiwezekana geji ya vakyumu. Fanya kazi nje au mlango ukiwa wazi kabisa. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na injini yenye mchanganyiko mzito inaitoa kwa wingi. Hendibreki juu, gia kwenye nyutro, mikono ya shati mbali na feni. Kwa gari la gia za kujiendesha, kitabu kinaweza kutaka usome kasi likiwa kwenye D. Hapo magurudumu yawekewe vizuizi na mtu akae ndani akikanyaga breki.

Injini ikiwa imezimwa, funga skrubu ya mchanganyiko taratibu huku ukihesabu mizunguko hadi iguse, uandike hesabu hiyo. Neno muhimu hapo ni kugusa. Ukiikaza, ncha laini inapata mkunjo wa mduara na kiti chake ndani ya kabureta kinapanuka. Ncha yenye mkunjo haipimi tena vizuri: robo ya mzunguko inageuka kuwa ama kidogo mno ama nyingi mno. Kama ulikuta hesabu isiyoeleweka, mzunguko nusu au mizunguko mitano, itoe kabisa uitazame. Springi iwepo, na oringi kama aina hiyo inayo, iwe haijakauka, kwa sababu oringi iliyopasuka ni hewa ya wizi nyingine.

Mahali pa kuanzia panategemea kabureta. Holley ni mzunguko mmoja na nusu kwa kila skrubu. Weber 32/36 ni miwili. Solex ile ya Beetle ni miwili na nusu. Kama hujui, moja na nusu itawasha injini nyingi. Kabureta yenye makoo mawili yanayofunguka pamoja ina skrubu mbili za mchanganyiko, nazo zisogezwe sawasawa, hii kidogo, ile kidogo. Ile ambayo koo la pili linafunguka baadaye huwa na moja tu.

Washa injini, ipashe moto tena, na uweke kasi juu kidogo ya ile unayoitaka. Tuseme kitabu kinasema mizunguko 800 ya injini kwa dakika. Weka 850 kwa skrubu ya sailensi. Sasa geuza skrubu ya mchanganyiko robo ya mzunguko kwenda kulia na usubiri. Sekunde 10, si 2. Povu lililomo njiani na mafuta yaliyolowanisha kuta za manifoldi lazima yaishe ndipo injini iseme ukweli, na haraka hapa ndiyo inayowafanya watu wazunguke skrubu saa nzima. Kasi ikipanda, endelea kulia. Ikishuka, rudi, na ujaribu kushoto. Unatafuta mahali ambapo kasi iko juu kabisa na mlio ni laini.

Mara nyingi kasi itakuwa imepanda, mathalani 900. Ishushe hadi 850 kwa skrubu ya sailensi, kisha rudia mchanganyiko, safari hii kwa thumuni ya mzunguko. Rudia hivyo mpaka skrubu ya mchanganyiko isiweze tena kuongeza chochote. Kila baada ya dakika moja au mbili, pandisha injini hadi 2,500 kwa sekunde chache ili plagi zijisafishe, maana injini inayonguruma muda mrefu inakusanya masizi na kukupa jibu la uongo.

Ukishapata kilele, mwisho wake ni kufunga skrubu taratibu, kulia, mpaka kasi ishuke kutoka 850 hadi 800. Hiyo ndiyo njia ambayo viwanda vingi viliielekeza miaka ya 1970, na kiasi cha kushuka kwenye vitabu huwa kati ya mizunguko 20 na 50 kwa dakika. Beetle kwa mfano ni 20 hadi 30. Sababu yake ni kwamba kilele ni tambarare kidogo: kuna sehemu ambayo kuongeza mafuta hakubadilishi kasi ila kunaongeza moshi tu. Kushuka kidogo upande mwepesi kunakuweka kwenye ukingo wa tambarare hiyo. Kama injini haitulii hapo, rudisha kushoto thumuni moja, na inatosha.

Geji ya vakyumu hufanya kazi hiyohiyo kwa njia ya macho. Iunge kwenye manifoldi, si kwenye bomba la distribyuta lililo juu ya kipepeo, na utafute usomaji wa juu kabisa uliotulia. Sindano inayoyumba polepole ni mchanganyiko. Inayodondoka kwa mapigo ya kupangana ni valvu moja isiyofunga. Ukiwa mwinukoni usishangae namba ndogo: usomaji unapungua karibu inchi moja kwa kila mita 300 za kupanda.

Anayepata mashine ya kupima moshi anatafuta CO (kaboni monoksidi) ya asilimia 1 hadi 3 kwa magari mengi ya zamani yasiyo na katalisti, isipokuwa kibandiko chini ya boneti kikisema vingine. Tazama pia HC, yaani petroli isiyoungua. CO ikiwa chini na HC iko juu, kuna silinda inayomisi kwa wepesi. Zote mbili zikiwa juu, mafuta ni mengi. Na kuna plagi ya kioo ya kutazamia moto ndani ya silinda: moto wa njano ni mzito, bluu nzuri ya jiko la gesi ni sahihi, bluu inayofifia kuwa nyeupe ni mwepesi. Nayo inaonyesha silinda moja tu, jambo la kukumbuka kwenye injini ambayo manifoldi yake haigawi sawa.

Asiye na chochote ana masikio. Nyuma ya gari, mchanganyiko mwepesi unasikika kama pumzi zinazorukwa bila mpangilio, na mara nyingine mlipuko mdogo kwenye egzosti. Mzito una mdundo wa kujirudia, mzito na wenye kuyumba, moshi unachoma macho na mdomo wa bomba unaota masizi meusi makavu.

Skrubu inapokataa kutii

Ukiifunga yote na injini haijali, mshukiwa wa kwanza ni kipepeo kilichofunguka, kama ilivyoelezwa. Wa pili ni usawa wa mafuta kwenye chumba cha floti. Floti iliyotoboka, au sindano yake iliyochakaa, inapandisha mafuta hadi yanachuruzika kwenye jeti kuu. Chungulia kooni kwa tochi, filta ikiwa imetolewa, utaona matone. Pampu yenye nguvu kupita kiasi huleta hali ileile: Weber nyingi zinataka shinikizo la psi 3 hadi 3.5, na pampu ya umeme iliyowekwa bila kidhibiti inaweza kuisukuma sindano ikafunguka. Kwenye Holley, ongeza kwenye orodha pawa valvu (ile inayoongeza mafuta injini ikibeba mzigo) iliyochanika diaframu.

Ukiifungua mizunguko mingi na injini inaendelea kutaka zaidi, baada ya kuondoa hewa ya wizi, jeti ya sailensi imeziba au ni ndogo. Kwenye Weber, ikizidi takriban mizunguko miwili na nusu jeti ni ndogo. Ikitulia chini ya mmoja na nusu ni kubwa. Namba kwenye jeti hizo ni sehemu za mia za milimita, 50 ni 0.50, na hatua moja ni 5. Kuzibua tumia dawa na upepo wa kompresa. Waya wa chuma hapana kabisa, kwa sababu tundu la nusu milimita likikwaruzwa ni saizi nyingine tayari. Kitundu cha hewa cha sailensi kikiziba matokeo ni kinyume, mchanganyiko unakuwa mzito, na husahaulika kwa kuwa kiko juu kwenye vumbi.

Injini inayowaka vizuri lakini inakufa papo hapo ukiachia eksileta, skrubu iwe popote, inaomba uangalie solenoidi ya sailensi, ile valvu ya umeme inayofungulia mafuta ya sailensi. Washa swichi bila kupiga starta: lazima ilie "tik" ikipata volti 12. Isipolia, pima waya kwanza, kisha yenyewe.

Magari mengi ya mwishoni mwa miaka ya 1970 na ya 1980 yana kofia ya plastiki au kizibo cha chuma juu ya skrubu hii, na mengine yana kabureta inayoongozwa na kompyuta na sensa ya oksijeni. Hizo za kompyuta usizifanyie utaratibu huu. Kompyuta itapigana nawe. Fuata kitabu chake.

SU na Stromberg ni ulimwengu mwingine

Kabureta hizi hazina njia tofauti ya sailensi. Sindano moja na jeti moja hulisha injini kuanzia sailensi hadi mwendo wa mwisho, kwa hiyo unachorekebisha hapa kinabadilisha kila kitu. Kwenye SU za kawaida nati iliyo chini ya jeti hupandishwa kwa wepesi na kushushwa kwa uzito, ikihesabiwa kwa pande zake sita. Mwanzo ni jeti sawa na daraja (sakafu ya koo inayokaliwa na pistoni ya kabureta), kisha pande 12 kushuka, yaani mizunguko miwili.

Kipimo chake ni kuinua pistoni hiyo ya kabureta takriban milimita 1 kwa pini yake. Kasi ikipanda kidogo kisha ikatulia, sawa. Ikipanda na kubaki juu, ni mzito. Ikishuka au injini ikazima, ni mwepesi. Oili ya dashpoti (kikombe kilicho juu ya pistoni hiyo) iwepo, na pistoni ikiachiwa idondoke na kulia "tak" kwenye daraja. Isipolia, sindano inasugua jeti na lazima iwekwe katikati kwanza. Zikiwa kabureta mbili, sawazisha hewa kabla ya mafuta: mpira mwembamba sikioni, ncha nyingine kwenye koo la kila moja, mlio uwe mmoja.

Barabarani

Endesha dakika 20, kisha ujaribu mambo ambayo gari lililosimama haliwezi kuonyesha. Kanyaga mafuta polepole mno kutoka kusimama: kusita hapo ni vitundu vya mpito au mchanganyiko ulioufunga kupita kiasi, na thumuni ya mzunguko kushoto mara nyingi huimaliza. Funga breki ghafla. Injini ikizima, angalia usawa wa floti. Zima gari likiwa la moto. Likiendelea kujikokota bila swichi, kasi ya sailensi iko juu mno au mchanganyiko ni mwepesi, na kwa kawaida ni la kwanza.

Kisha liache robo saa boneti ikiwa imefungwa, uliwashe tena. Sailensi itakuwa mbovu kwa nusu dakika hivi kwa sababu petroli imechemka ndani ya chumba cha floti na mvuke wake unaingia kooni. Usichukue bisibisi. Ukitoka ukandani kwenda milimani, hewa inapungua karibu asilimia 3 kwa kila mita 300 na mchanganyiko unakuwa mzito, kwa hiyo kwenye mita 1,500 funga kidogo; na petroli yenye ethanoli asilimia 10 inataka kufunguliwa kidogo, kwa kuwa uwiano wake kamili ni karibu 14.1 badala ya 14.7. Andika hesabu ya mizunguko na usomaji wa vakyumu kwa rangi chini ya boneti, ili atakayefuata na bisibisi ajue alipaswa kuanzia wapi.